Nimechenji hela kwenye hili duka la kubadilisha fedha Kariakoo kabla ya safari ya Mombasa, reti ya kibaoni ndo niliyolipa

Hapa nimeshakuja mara tatu, zote nikiwa naenda Mombasa kwa basi kupitia Horohoro, na leo nimeona niandike maana bado watu wengi wanasubiri mpaka wafike mpakani ndo wachenji. Mi safari yangu ya kwanza kabisa, kabla sijalijua duka hili, nilifanya hivyo hivyo, basi linakaribia kuondoka, kijana anahesabu haraka haraka, nikapokea bunda nikakimbilia gari. Kufika Mombasa nalipia nguo za jumla, muuzaji ananirudishia noti mbili za elfu moja, ananiambia dada hizi za zamani hazitumiki. Na kweli, elfu moja ya zamani ya Kenya ilifutwa mwisho wa Septemba 2019. Elfu mbili za Kenya ni kama wekundu wa Msimbazi wanne, yani noti nne za elfu kumi za Tanzania, niliumia sana.

Sasa hili duka la Kariakoo. Kibao cha reti kiko wazi ukutani, kununua na kuuza. Dada wa kaunta akaniuliza unaenda au unarudi, nikamwambia naenda, akanionyesha safu ya kuuza, kwamba wao ndo wanakuuzia hela ya Kenya, usiangalie ile ya kununua ukadhani ndo yako. Siku hiyo Kenya moja ilikuwa 20 na senti kidogo. Mtu anaweza kuona ni vitu vidogo lakini piga hesabu, ukitaka elfu 20 za Kenya halafu reti ikazidi shilingi moja tu, tayari umeongeza wekundu wawili. Akaangalia kitambulisho changu cha NIDA, akahesabu noti moja moja mbele yangu, nikarudia kuhesabu mwenyewe na wala hakununa, risiti nikapewa. Kilichoandikwa kibaoni ndicho nilicholipa, hakuna cha kamisheni pembeni.

Kinachoniudhi ni kwamba hela za Kenya zinawaishia. Safari ya pili nilikuta hazinitoshi, nikashauriwa nichukue dola nikachenji tena Mombasa, nikakataa, maana hapo unakatwa mara mbili, Dar unanunua dola kwa bei ya kuuza na kule unaiuza kwa bei ya kununua. Nikachukua zilizokuwepo, kiasi kingine nikamtumia shangazi kwa M-Pesa, ikaingia kwenye Safaricom yake ikiwa tayari shilingi za Kenya. Naomba sana waongeze, hasa Desemba, tunaokwenda Mombasa na Nairobi tuko wengi jamani.

Ukirudi na zilizobaki wanazinunua ila noti tu, sarafu hawapokei, kwa hiyo zimalizie kule kule kwenye chai na mahamri kabla hujapanda basi. Na kabla hujatoka nyumbani piga simu asubuhi uulize Kenya zipo kiasi gani, yule dada anakwambia ukweli.