Pampu ya dozi isiyojua saa: nyota moja, au labda mbili

Kama tangi lako la maji ya bahari lina matumbawe magumu, akropora hasa, na umeme wenu hukatika hata kwa sekunde mbili tu, pampu hii ya vichwa vinne, inayodondosha madini tangini kidogo kidogo kwa saa ilizopangiwa, usiinunue. Nimetanguliza hukumu kwa sababu kila anayeisifu anasifu ukimya wake. Ni kimya kweli. Hata ikiua, inaua kimya.

Kasoro yake ni moja tu: saa ya ndani haina betri. Umeme ukipotea ukarudi, mashine inaamka ikidhani ni saa sita usiku wa siku mpya, na badala ya kungoja zamu inayofuata, inamwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo mmoja, halafu ndipo inaanza kugawa upya. Kwenye simu hakuna onyo lolote. Programu inaonyesha alama ya kijani na maneno "dozi imekamilika". Imekamilika, haswa!

Kwa asiyeona ubaya uko wapi, hesabu ni hii. Tangi la juu na la chini pamoja yana lita 400 za maji, na matumbawe yaliyomo hula alkali, ambayo hujengea mifupa yake, kama 1.2 dKH (kipimo cha alkali majini) kwa siku. Kupandisha 1 dKH katika lita 100 kunataka karibu gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu, kwa hiyo lita 400 ni gramu 12. Nachanganya gramu 80 kwa lita moja ya maji yaliyochujwa, maana ukikaribia gramu 100 unga hauyeyuki wote. Hapo 1 dKH ni mililita 150, na dozi ya siku ni mililita 180, igawanywe mara 24: mililita 7.5 kila saa. Huko kugawa ndiko tunakolipia. Akropora hazijali sana kama kiwango ni 7 au 9, alimradi kitulie. Kupanda zaidi ya 1 dKH kwa siku ni kutafuta balaa.

Sasa chukua mchana wa kiangazi hapa Muscat, viyoyozi vyote vinafanya kazi na mashine ya kupozea tangi nayo imo, swichi kuu ikaanguka na kurudishwa mara tatu. Mililita 540. Hiyo ni 3.6 dKH juu ya ile iliyokuwamo. Kipimo kilichosoma 8 asubuhi kilipita 11 jioni.

Dalili zinakuja kwa mpangilio. Kwanza ncha za matawi zinakuwa nyeupe kama zimeunguzwa, na huwa vibaya zaidi pale nitrati na fosfeti, yaani virutubisho vya majini, zilipo karibu na sifuri. Kisha ngozi inachunika kuanzia shinani kupanda juu, mfupa unabaki mtupu. Huku si kupauka. Tumbawe lililopauka limefukuza mwani wake wa ndani lakini ngozi ipo, na linaweza kurudi. Lililochunika halirudi, na kila saa unayopoteza ukibadilisha taa au kuongeza chakula, mstari wa kifo unapanda.

Cha kufanya ni kuzima kichwa cha alkali peke yake na kuacha kiwango kishuke chenyewe kadiri matumbawe yanavyokula. Usitie asidi, utayapiga mara ya pili kwa upande mwingine. Badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kwa chumvi inayosoma 7 au 8 dKH, ukali wa chumvi uwe sehemu 35 kwa elfu sawa na wa tangi na joto lisipishane. Punguza mwanga, mkondo wa maji uache ulivyo. Tawi linalochunika likate sentimita mbili juu ya mstari, kwenye ngozi nzima, uligandishe kwa gundi ya jeli kwenye kijiwe kipya. Halafu kagua pampu za mkondo na hita, maana alkali na kalsiamu zikizidi pamoja huganda humo kama chokaa.

Hadi hapa ningeweza kutoa nyota tatu, kwa haki. Vichwa vinapima sawasawa: ukiagiza mililita 10 kwenye silinda ya kupimia, zinatoka 10. Mipira ya ndani inabadilishwa bila bisibisi. Ukiiunga kwenye UPS ndogo, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, ni mashine nzuri, hata nne ningetoa.

Lakini dukani! Walitumiwa picha na video ya mashine ikimwaga. Jibu la muuzaji: "Shekhe, mimi nauza pampu, siuzi umeme." Akaongeza kuwa mawe yamejaa baharini, nikaokote mengine. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mtu huyo huyo anayauza dukani kwake kwa bei ya kutisha. Anajua vizuri si mawe ya kuokota. Betri ya kitufe, ile ya saa ya mkononi, ingemaliza tatizo lote. Nyota mbili zikaondoka hapo hapo.

Wengine wanashauri plagi yenye saa, izime pampu kati ya dozi na dozi. Kwa mashine nyingine sawa. Kwa hii, kila plagi inapowaka ni dozi nzima, kwa hiyo utaua tangi kabla ya adhuhuri. Kinachosaidia ni kutia chupani mchanganyiko wa siku moja tu, mililita 180, ili hata ikiwehuka isiwe na cha kumwaga. Au punguza ukali hadi gramu 40 kwa lita, dozi iwe mililita 360, na chupa usiijaze kupita hapo. Ncha ya mpira ibaki juu ya maji ya tangi, isizame, la sivyo mpira wa ndani ukichakaa maji ya tangi yanaweza kufyonzwa kurudi chupani. Alkali na kalsiamu zitoke mbalimbali, penye mkondo mkali, na kwa saa tofauti.

Haya yote ni kazi ya mnunuzi kuikinga mashine isimuue kiumbe wake, na ndiyo maana hata ile nyota ya pili siioni tena. Pampu imebaki kwenye magnesiamu, ambayo ikizidi kidogo juu ya miligramu 1300 kwa lita haimdhuru mtu. Alkali inamiminwa kwa mkono, mililita 90 asubuhi, 90 jioni, polepole mbele ya pampu.