Dawa ya Kuhifadhi Petroli Yenye Ethanoli: Tathmini kwa Mwenye Gari Linaloegeshwa Miezi Mingi

Chupa za dawa ya kuhifadhi petroli huahidi mambo manne, ambayo aghalabu huandikwa kwa mkupuo mmoja upande wa mbele wa lebo: kwamba petroli haitachacha, kwamba vyuma havitashika kutu, kwamba maji hayatasumbua, na kwamba mipira na sili za mfumo wa mafuta zitakuwa salama dhidi ya ethanoli, ile alkoholi inayochanganywa kwenye petroli. Nimezitumia dawa za aina hii katika magari yanayolala muda mrefu, na ninaona kwamba ahadi ya kwanza ni ya kweli, ya pili ni ya kweli kwa sehemu, na mbili zilizobaki ni maneno ya muuzaji. Hata hivyo ninaendelea kuzinunua, kwa kuwa ile ahadi moja inayotimizwa ndiyo inayogusa uharibifu unaotokea mara nyingi zaidi.

Ili dawa ipimwe kwa haki, ni lazima kwanza ijulikane inapambana na nini. Petroli inayoitwa E10 ina ethanoli isiyozidi asilimia 10 ya ujazo wake. Ufaransa ilianza kuiuza mwaka 2009, Uingereza iliifanya kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021, na nchini Marekani ndiyo inayotoka katika pampu nyingi. Brazili imekwenda mbali zaidi, kwani huko kiwango kilidumu kwenye asilimia 27 kwa miaka kadhaa kabla ya kupandishwa hadi 30 mwaka 2025. Gari linalotembea kila siku halina sababu ya kulalamika, maana mafuta huisha kabla hayajapata nafasi ya kubadilika. Gari lililoegeshwa kwa miezi sita au mwaka mzima ni suala jingine kabisa, kwa sababu petroli ile ile iliyomo kwenye tangi, kwenye mipira, kwenye pampu na kwenye kabureta inakaa palepale ikigusana na hewa, na chuma, na mpira.

Wengi wakizungumzia ethanoli huanza na maji, nami nitaanza hapo hapo, ila ningependa hesabu ziangaliwe kabla ya hofu. Ethanoli huvuta maji na kuyayeyusha ndani yake. Katika joto la takriban nyuzi 15 za Selsiasi, E10 inaweza kubeba maji yanayokaribia asilimia 0.5 ya ujazo wake, ilhali petroli isiyo na ethanoli hubeba kiasi kidogo mno, karibu asilimia 0.015. Katika tangi la lita 50, hiyo ni tofauti kati ya mililita 250 na mililita zisizofikia 8. Maji yaliyoyeyuka kwa namna hiyo huingia kwenye injini pamoja na mafuta na kutoka kama mvuke bila madhara yanayoonekana, kwa hiyo kwa kiasi kidogo cha unyevu ethanoli ni msaada. Balaa huja pale kikomo kinapovukwa. Hapo ethanoli huiacha petroli, hushikamana na maji, na mchanganyiko wao, ambao ni mzito kuliko petroli, hushuka chini ya tangi na kutulia huko kama tabaka la peke yake. Baridi hushusha kikomo hicho, ndiyo maana mafuta yaliyokuwa safi mchana wa joto yanaweza kujitenga usiku mmoja wa baridi kali bila tone moja la maji kuongezeka.

Uharibifu unaofuata una pande mbili. Kwa kuwa pampu hunyonya kutoka chini, kitu cha kwanza kuingia kwenye injini ni lile tabaka la ethanoli na maji, ambalo haliwezi kuiwasha vizuri na ambalo lilikuwa limekaa juu ya chuma cha tangi kwa muda wote huo. Nayo petroli iliyobaki juu imepoteza ethanoli iliyokuwa ikiinua oktani yake, yaani uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati, hivyo inapungukiwa oktani mbili hadi tatu, na injini inayohitaji oktani ya juu huanza kugonga.

Swali ambalo lebo haziligusi ni hili: maji hayo yanatoka wapi? Maelezo ya kawaida ni kwamba tangi hupumua, hewa yenye unyevu huingia, na maji hujikusanya. Jambo hilo ni kweli, lakini ni la polepole kuliko linavyosimuliwa. Hewa iliyoshiba unyevu katika nyuzi 30 za Selsiasi hubeba takriban gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo lita 25 za hewa zilizo juu ya mafuta katika tangi lililojaa nusu hazina hata gramu moja. Ili lita 25 za E10 zilizo chini yake zifike kwenye kikomo, zinahitaji maji yanayozidi mililita 100. Katika tangi lenye tundu wazi na mahali penye unyevu mwingi jambo hilo huchukua miezi; katika gari la kisasa ambalo tangi lake limefungwa na mvuke wake hupitia kwenye kopo la mkaa linaloinasa, huchukua muda mrefu zaidi. Mafuta yakijitenga mapema kuliko hapo, mimi hukagua kwanza sili ya kifuniko cha tangi na shingo ya kujazia, ambako maji ya mvua hupenya, kabla ya kuilaumu hewa.

Turudi kwenye chupa. Ahadi ya kuzuia petroli isichache inahusu jambo lisilotokana na ethanoli hata kidogo. Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na baadhi yake huungana na oksijeni taratibu na kugeuka gundi, ile inayoacha utando wa rangi ya kahawia ndani ya kabureta na kuziba vijitundu vya nozeli, zile zinazonyunyiza petroli kwenye injini zisizo na kabureta. Wakati huo huo sehemu nyepesi zaidi za petroli, ambazo ndizo zinazorahisisha injini kuwaka ikiwa baridi, huvukiza na kupotea. Dawa nzuri ina viambato vinavyokatiza mwendo wa oksijeni, na katika hilo inafanya kazi kwa namna inayoonekana kwa macho: ukifungua bakuli la kabureta la gari lililohifadhiwa na petroli iliyotiwa dawa, na jingine lililoachwa hivi hivi, hutahitaji maabara kukueleza lipi ni lipi. Kuvukiza, lakini, dawa haikuzuii. Hilo ni kazi ya kifuniko kinachobana.

Masharti yake ni mawili, na wengi wanaodai kwamba dawa haifanyi kazi wameliruka mojawapo. La kwanza ni kwamba hutiwa kwenye petroli mpya, maana inachelewesha kuchacha na haiwezi kurudisha kilichochacha. La pili ni kwamba baada ya kuitia na kujaza tangi, injini iwashwe kwa dakika 5 hadi 10 mahali penye hewa ya kutosha, ili petroli yenye dawa ifike kwenye pampu, kabureta au nozeli. La sivyo utakuwa umelinda tangi na kuacha sehemu nyembamba zaidi za mfumo zikiwa na petroli ya zamani. Kipimo hakina ugumu. Maelekezo ya STA-BIL ya kuhifadhia, mojawapo ya dawa zinazojulikana zaidi, yanataka wakia moja kwa kila galoni 2.5 za Marekani, yaani takriban mililita 3 kwa lita, na watengenezaji wake wanataja muda wa hadi miezi 24. Mimi huichukulia miezi 24 hiyo kuwa ya chombo kilichofungwa vizuri, na kwa tangi la gari lenye umri mkubwa sipiti mwaka mmoja.

Kuhusu kutu, nina neno la kuisifu dawa na neno la kuipunguzia sifa. Mchanganyiko wa ethanoli na maji hupitisha umeme kuliko petroli tupu, kwa hiyo pale metali mbili tofauti zinapogusana, kama vile shaba nyeupe na aloi ya zinki katika kabureta, moja huanza kuliwa. Ethanoli ikikaa muda mrefu pia huweza kugeuka asidi, nayo hushambulia matangi ya zamani ya chuma yaliyopakwa mchanganyiko wa risasi na bati. Vizuia kutu vilivyomo kwenye dawa bora hupunguza mashambulizi haya, na shirikisho la vilabu vya magari ya kale la Uingereza, FBHVC, liliwahi kufanya majaribio ya dawa mbalimbali na kuziidhinisha baadhi yake kwa kazi hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba uidhinishaji huo ulihusu ulinzi wa metali, si mipira. Tena, vizuia kutu vya kawaida hulinda pale mafuta yanapogusa. Sehemu ya juu ya tangi lililojaa nusu hubaki bila kinga, isipokuwa dawa iwe ya aina inayotoa mvuke wa kuzuia kutu.

Ahadi ya maji ndiyo inayonikera. Kuna chupa zinazodai kuondoa maji ambazo kiambato chake kikuu ni alkoholi nyingine, kwa kawaida isopropanoli. Katika petroli isiyo na ethanoli, alkoholi hiyo ilikuwa na maana, kwani ilisaidia maji machache kuyeyuka na kupita. Katika tangi la lita 50 la E10, ambalo tayari lina lita 5 za alkoholi, kumimina robo lita ya alkoholi nyingine hakubadilishi mambo kwa kiasi cha kujivunia. Mafuta yakishajitenga tabaka, sijaona chupa yoyote ya dukani ninayoweza kuiamini iyarudishe pamoja. Kinachofaa ni kuyatoa yote, kusafisha tangi na kubadilisha chujio.

Mipira nayo haiwezi kuokolewa na dawa, kwa sababu tatizo lake liko kwenye kitu kilichotengenezwa, na si kwenye petroli. Ethanoli hupenya kwenye mpira wa zamani, huuvimbisha, na kuyeyusha vilainishi vilivyomo. Mpira ukiwa umelowa unaweza kuonekana mzima. Gari likilala, mafuta yakikauka ndani yake, hunywea na kupasuka, na mvujo hujitokeza siku ya kuwasha. Mpira asilia, koki (lile gome la mti linalotengenezewa vizibo) na baadhi ya mipira ya naitraili ya miaka ya nyuma ni dhaifu. Mipira ya floraini, ambayo wengi huijua kwa jina la Viton, pamoja na plastiki ya PTFE (Teflon), huvumilia vizuri, na mpira wa mafuta wenye alama ya kiwango cha SAE J30 R9 ndio ninaomshauri mtu aweke badala ya ule wa zamani. Matangi ya faiba, yaliyotumika katika baadhi ya boti na pikipiki, ni hatari zaidi: ethanoli huyeyusha gundi ya baadhi yake, nayo husafiri hadi kwenye vali za injini. Bei ya mipira mipya ya gari zima si kitu ukilinganisha na moto unaoweza kusababishwa na mvujo mmoja juu ya injini yenye joto, na hakuna chupa inayoweza kufanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Kwa hiyo nani anaihitaji dawa hii? Mwenye gari la kabureta anaihitaji zaidi ya wote, kwa sababu bakuli la kabureta lina mafuta machache, liko wazi kwa hewa, na hukauka na kuacha gundi mahali pembamba kuliko pote. Mwenye gari la nozeli lenye tangi lililofungwa ana nafasi kubwa zaidi ya kusamehewa, na kwa miezi miwili au mitatu sioni haja ya kununua chochote. Kundi jipya ni magari ya haibridi yanayochajiwa kwa waya, ambayo yanaweza kukaa miezi bila kuunguza petroli. Chevrolet Volt, kwa mfano, iliundwa kuwasha injini yenyewe ili kumaliza mafuta yaliyokaa takriban mwaka, jambo linaloonyesha kwamba hata wahandisi waliona ni heri kuyatumia mafuta kuliko kuyatunza.

Mshindani halisi wa dawa hii ni kutotia ethanoli tangu mwanzo. Pale petroli isiyo na ethanoli inapopatikana, tangi lililojazwa nayo na kufungwa vizuri halitajitenga tabaka, ingawa dawa bado ina kazi dhidi ya gundi. Petroli ya alkileti, inayouzwa kwa ajili ya misumeno na mashine za bustani, hukaa miaka kadhaa bila kuchacha, lakini gharama yake humfanya mtu aitumie kwa kujaza kabureta na lita chache za mwisho tu. Nchini Uingereza petroli ya oktani 97 na zaidi hubaki kwa kawaida kwenye kiwango cha E5, yaani ethanoli isiyozidi asilimia 5, na kwa gari la zamani hiyo, pamoja na kipimo sahihi cha dawa, ndiyo ningeiweka kabla ya kulifunika gari.

Kwenye lebo, tafuta maneno mawili: kuzuia kuungana na oksijeni, na kuzuia kutu. Ikiwa chupa inazungumzia maji peke yake na kiambato chake ni alkoholi, irudishe rafuni.