TAHADHARI: Ukidaiwa "ada ya setilaiti" kwa GPS ya gari, unapigwa

Salaam wakuu.

Nimepigwa 385,000. Si kwa mkupuo, ni kwa awamu tatu, na awamu mbili za mwisho nilituma kwa mkono wangu mwenyewe huku nikishukuru. Hapo ndipo panaponiuma.

Bidhaa yenyewe ni GPS ya kuonyesha njia, ile kama tableti ndogo unayobandika kwenye kioo cha mbele. Jina la duka silitaji kwa sababu halitawasaidia: ukurasa wao wa Instagram umebadilishwa jina mara mbili tangu nianze kugombana nao. Mbinu ndiyo haijabadilika, kwa hiyo naeleza mbinu.

Mimi ni dereva wa gari za kukodi. Nachukua wageni Dar nawapeleka Mikumi, Ruaha, wakati mwingine hadi Mbeya. Mjini simu inanitosha. Ila safari ya Julai kwenda Ruaha, tulipoiacha Iringa, simu ilikuwa kwenye dashibodi inapigwa jua, ikapata moto ikajizima, na mgeni kiti cha nyuma anauliza tumefika wapi. Nikasema nikirudi natafuta chombo cha kazi hiyo tu.

Tangazo lilikuwa zuri: kioo cha inchi 7, "ramani ya Afrika nzima, ya mwaka huu, bure milele", 280,000. Duka lipo Kariakoo, ghorofani. Nilikwenda mwenyewe, sikuletewa na bodaboda, maana nilijiona mjanja. Kijana akaiwasha, akaandika Posta, akabonyeza, mshale wa bluu ukaanza kutembea. Unakata kona, unapunguza mwendo, sauti ya dada wa Kizungu inasema shika kushoto. Nikalipa.

Sasa angalieni kitu ambacho mimi sikukiona: tulikuwa tumesimama. Tumesimama ndani ya jengo, zege juu ya kichwa, na mshale unatembea! Ile ni demo. GPS nyingi zinayo, ni ya kuigiza safari, haihitaji setilaiti hata moja.

Kesho yake nikaifunga kwenye gari nyumbani Tabata, gari lina tinti na liko chini ya mwembe. "Inatafuta setilaiti." Dakika tano, kumi, hakuna kitu. Nikampigia. Akanijibu kwa upole wa daktari: "Kaka, hiyo bado haijaunganishwa na setilaiti. Kuunganisha ni 45,000, halafu utakuwa unalipia kila mwaka." Jina lililotokea kwenye simu kabla sijathibitisha lilikuwa la mtu binafsi, si la duka. Nikaweka namba ya siri hivyo hivyo.

Baada ya muda mfupi akapiga. "Tayari nimekuunganisha. Toa gari kwenye uwazi, usisogee robo saa, itashika yenyewe." Nikaenda uwanja wa mpira, nikakaa. Dakika ya kumi na moja ikashika! Nikamtumia ujumbe: Ubarikiwe kaka.

Ubarikiwe. Mpaka leo nikiusoma ule ujumbe najicheka.

Kilichotokea ni hiki. GPS iliyokaa muda mrefu imezimwa, au iliyosafirishwa kutoka mbali, haijui setilaiti ziko upande gani wa anga, inaanza kutafuta upya. Setilaiti nazo zinatuma taarifa polepole mno, biti 50 kwa sekunde, na orodha kamili ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kifaa kinahitaji kuziona angalau nne ndipo kijue ulipo. Chini ya mwembe na tinti kilikuwa hakizioni, uwanjani kikaziona. Jamaa anajua hivyo, ndiyo maana "kuunganisha" kwake kunakuja na sharti la kukaa uwanjani robo saa. Niliuziwa kusubiri, kwa 45,000.

Hakuna ada ya setilaiti. Zile setilaiti ni za serikali ya Marekani, zinazunguka kilomita 20,200 huko juu, na mawimbi yake kwa raia ni bure dunia nzima. Zamani walikuwa wanayavuruga makusudi ili raia wasipate usahihi wa jeshi, na hilo wameliacha tangu Mei 2000. Kifaa chako kinapokea tu, hakirushi chochote, na setilaiti haina habari kama upo. Ni sawasawa na redio: TBC hawajui kwamba umewasha, na hawawezi kuifunga ya kwako wakaiacha ya jirani. Sisi shida yetu tumezoea king'amuzi, usipolipia unakatiwa, basi jamaa anapita humo humo kwenye mazoea yetu.

Kuna mkanganyiko mwingine anaoutumia. Mjini ukisema "GPS ya gari", wengi wanaelewa ile ya kufuatilia gari lisiibiwe. Ile ina laini ya simu ndani, inatuma mahali gari lilipo, kwa hiyo ada yake ya mwezi au mwaka inaeleweka. Hii ya kuonyesha njia haina laini. Muuzaji akikwambia kitu kimoja kinafanya vyote viwili, mwombe akuonyeshe laini inachomekwa wapi.

Awamu ya tatu. Jumamosi tarehe 6 Septemba nilikuwa naenda Kigamboni, nikasema niijaribu. Ikanivuta kwenda Kivukoni, nikapande pantoni. Nikaipuuza nikapita darajani. Nikiwa katikati ya daraja natazama kioo: mshale wangu unaelea juu ya rangi ya bluu tupu, gari liko baharini, na yule dada anasisitiza nigeuze. Daraja la Kigamboni limefunguliwa Aprili 2016. Hiyo ndiyo "ramani ya mwaka huu".

Nikapiga. Majibu: iliyomo ni ramani ya kiwandani, ya mwaka huu ni 60,000. Nikamkumbusha tangazo lilisema bure milele. Akasema bure ni kwa waliolipia setilaiti ya miaka mitatu. Na mimi, sijui niliwaza nini, nikatuma. Likaja faili, nikaliweka, na gari likaendelea kuogelea.

Aliyenifungua macho, siku hiyo hiyo, ni mpwa wangu, fundi simu. Alikishika kile kidude, hakubonyeza chochote, akasema: "Mjomba, mbona tarehe yako ni 21 Januari 2006?" Kweli, pembeni imeandikwa hivyo. Kilichonishangaza, siku ilikuwa sahihi, Jumamosi, na saa sahihi. Akanieleza kwamba GPS inahesabu wiki, ikifika 1024 inarudi sifuri. Mara ya mwisho ilirudi sifuri Aprili 2019. Vifaa ambavyo programu yake haikurekebishwa vikarudi nyuma wiki 1024 kamili, karibu miaka ishirini, na kwa kuwa zinazopotea ni wiki nzima nzima, Jumamosi inabaki Jumamosi. Yaani mashine ya ndani ilikuwa ya kizamani, wameivalisha kava jipya lenye jina la kampuni kubwa. Alipoingia kwenye menyu akakuta Windows CE 6.0, mfumo wa mwaka 2006. Kadi iliyoandikwa GB 32 ilipokea mafaili yote bila kulalamika, ila yaliyoingia baada ya GB 4 za kwanza hayafunguki. Jina la kampuni kwenye boksi na lile linalotokea ukiwasha hayakufanana, na hilo ningeliona mwenyewe pale pale dukani.

Kwa anayetaka kununua bado, usilipe ukiwa ndani. Toka na kifaa hadi barabarani, sehemu yenye anga, kaa nacho hata kama muuzaji ananuna. Fungua ukurasa unaoonyesha setilaiti, uone vimistari vinapanda kimoja kimoja. Tembea hatua hamsini na mshale utembee nawe; ukisimama, usimame. Angalia tarehe. Halafu kipe kifaa mtihani wa ramani kwa vitu unavyovijua: Dar kiambie kikupeleke Kigamboni, au kionyeshe Daraja la Tanzanite la 2022, au barabara za juu za Ubungo za 2021. Wa Mwanza mna mtihani mzuri kuliko sisi, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, ramani ikikupeleka kwenye kivuko basi umri wake umeujua.

Hiyo "milele" nayo muiangalie. Hata kwa kampuni za kweli kama Garmin na TomTom, ramani za maisha ni maisha ya kifaa, si yako wewe. Wakiacha kukihudumia, imeisha. Na ukinunua mtumba wa Ulaya, kifaa kinaweza kuwa halisi kabisa lakini ramani iliyomo ni ya Ulaya tu, ukiwasha hapa unaona mshale kwenye karatasi tupu. Si utapeli wa kifaa, ni wa kunyamaza. Kwa Garmin unaweza kuweka ramani ya bure ya OpenStreetMap. Wanaoingia sana mbugani wengi wanatumia Tracks4Africa, ni ya kulipia, na hiyo ni pesa inayokwenda kwenye ramani, siyo angani.

Wenye malori ongezeni moja. Shemeji yangu aliazima kidude changu kwenye Fuso lake, umeme wa lori lile ni volti 24, chaji iliyokuja na boksi ni ya volti 12. Ilitoa moshi kabla hajatoka getini. Soma maandishi madogo kwenye chaji, iandikwe 12–24.

Na ukweli wenyewe, ningejua nisingenunua kabisa. GPS ya simu haihitaji bando, bando linaliwa na ramani. Ukipakua ramani ya nchi nzima mapema kwa programu ya simu ya Organic Maps au OsmAnd, zote zina toleo la bure, unakwenda hadi porini bila mtandao. Shida yangu ilikuwa joto, na joto nimelimaliza kwa kibanio cha elfu kumi na tano kinachoweka simu mbele ya tundu la kiyoyozi.

Pesa sijarudishiwa. Nilikwenda dukani, nikaambiwa yule kijana hakuwa mfanyakazi wao, "alikuwa anajishikiza tu". Risiti niliyonayo ni ya mkono, imeandikwa "vifaa vya gari", basi, hakuna aina, hakuna namba ya kifaa. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, nimeandaa malalamiko, lakini kwa karatasi ile naanza na mguu mmoja. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina kamili la bidhaa, hata wakikuambia bei itapanda. Namba iliyopokea pesa nimeituma 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Jana usiku dogo mmoja hapa kijiweni alinionyesha ukurasa mpya, picha zile zile, bei imeshuka hadi 250,000. Wameweka na video. Mshale wa bluu unatembea, unakata kona vizuri tu, na nyuma yake unaona ukuta wa duka na feni ya dari inazunguka.