Huduma ya chanjo ya UVIKO-19 Tanzania: wahudumu wazuri, maandalizi yaliyochelewa

Kwa upande wa wahudumu, huduma hii inastahili alama za juu. Katika kituo nilichochanjiwa mwaka 2021, muuguzi alinionyesha kichupa cha chanjo ya Janssen kabla ya kuvuta dawa, akanieleza kwamba dozi ni moja tu na kwamba huenda ningepata homa na maumivu ya mkono, kisha akaniomba nikae kwanza kwenye benchi ili waone kama ningepata mzio. Chanjo ilitolewa bure, na hakuna aliyekaripiwa kwa kuuliza maswali.

Kasoro kubwa ilikuwa fomu ya ridhaa. Mzee aliyekuwa mbele yangu aliirudisha kalamu mezani akauliza, "Mwanangu, kama ni salama, saini yangu mnaitakia nini?" Muuguzi akamjibu kwa upole, "Baba, ni kuonyesha tu kwamba hukulazimishwa." Jibu lilikuwa sahihi, lakini mzee aliondoka bila kuchanjwa. Ridhaa ni haki ya mtu. Hata hivyo, karatasi inayotolewa bila maelezo ya kutosha, katika kipindi kile cha wasiwasi, ilionekana kuwa njia ya wakubwa kukwepa lawama.

Simlaumu mzee yule. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekoma kutangazwa tangu Mei 2020, zikiwa zimefikia watu 509, na tarehe 27 Januari 2021 Rais Magufuli, akiwa Chato, aliwaambia wananchi kwamba chanjo hizo hazifai. Miezi sita baadaye, tarehe 28 Julai, Rais Samia alichanjwa hadharani, siku chache baada ya dozi 1,058,400 kutoka Marekani kuwasili kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo kwa nchi mbalimbali. Mwananchi aliyesikia kauli zote mbili kutoka Ikulu ileile alikuwa na kila sababu ya kusita. Mbunge wa Kawe wakati huo, Askofu Josephat Gwajima, naye aliipinga chanjo kanisani kwake, na Bunge likamsimamisha kuhudhuria mikutano miwili. Kwa maoni yangu adhabu ile haikumjibu muumini hata mmoja, kwa kuwa maswali yao yalihusu damu, uzazi na madhara ya baadaye, na aliyepaswa kuyajibu ni daktari.

Huduma ilibadilika kweli ulipoanza Mpango Shirikishi na Harakishi, ambapo wahudumu walitoka vituoni wakawafuata watu sokoni, stendi na kwenye nyumba za ibada, wakishirikiana na viongozi wa mitaa na wa dini. Huko mtu aliweza kubishana na muuguzi anayemfahamu mpaka akaridhika. Mlipuko mwingine ukitokea, mazungumzo ya namna hiyo yaanze kabla ya shehena kufika, na fomu isomwe na kufafanuliwa kwenye mikutano ya mtaa, ili mtu anapofika mezani awe ameshaielewa.