Kazi zangu saba za FreeFileSync zilipohamia toleo la kubebeka

Kwa miaka minne nimetumia FreeFileSync, programu ya kulinganisha folda mbili na kunakili tofauti zake, ile ya kawaida ya kusakinisha, kunakili picha za familia kutoka kompyuta ya mezani kwenda diski ya nje. Mwezi uliopita nikachangia fedha kidogo nikapata toleo la wachangiaji, ambalo lina nakala ya kubebeka. Ni folda moja tu: unaiweka kwenye diski na kwenda nayo popote, hata kwa wifi yangu kule Muheza (wifi mtu, si ile ya intaneti). Nilikuwa na kazi saba zilizohifadhiwa (kila kazi ni mpangilio wa folda ipi inakiliwe wapi), na mawazo ya kuzipanga upya moja moja yalinichosha kabla sijaanza.

Kumbe hofu ya bure. Kila kazi ni faili lake, ffs_gui au ffs_batch, na ndani yake ni maandishi ya XML tu, yaani maandishi ya kawaida unayoweza kuyasoma na kuyahariri. Nikayanakili yote saba, nikayaburuta juu ya dirisha la programu mpya, yakafunguka na vichujio vyake vyote (orodha za mafaili ya kuruka). Usitegemee kubofya mara mbili, maana toleo la kubebeka halijisajili kwenye Windows, kwa hiyo Windows haijui mafaili hayo yafunguliwe na programu gani. Nilichokipenda zaidi ni kazi yangu moja ya pande mbili, ambayo mabadiliko ya upande wowote hupelekwa upande wa pili. Kumbukumbu ya nini kilifutwa upande gani haikai ndani ya programu, iko katika faili lililofichwa, sync.ffs_db, ndani ya folda zenyewe zinazolinganishwa. Kwa hiyo programu mpya iliendelea pale pale ya zamani ilipoishia.

Jasho lilinitoka kwenye herufi za diski, zile E au F ambazo Windows huzipa diski zinapochomekwa. Kazi zangu zote ziliandikwa E:\Picha. Siku hiyo mume wangu alikuwa amechomeka flashi yake ya taarabu ya kwenye gari, nayo ikachukua E. Diski yangu ikasukumwa kuwa F. Nikabonyeza kulinganisha, naona picha zote, GB 60, zinataka kuingia kwenye flashi ya GB 8! Programu yenyewe ilinionya kwamba nafasi haitoshi. Ingetosha, redio ya gari ingekuwa na picha za harusi yetu.

Dawa yake ni kutumia jina la diski badala ya herufi. Diski yangu inaitwa HIFADHI, kwa hiyo njia inaandikwa [HIFADHI]\Picha, na mabano hayo ya mraba ni lazima. Nilifungua kila faili kwa Notepad nikabadilisha yote kwa mpigo.

Kosa la pili ni langu kabisa. Niliondoa toleo la zamani nikasahau kwamba ratiba ya Windows (Task Scheduler), inayoendesha kazi ya saa tatu usiku, bado inaita programu iliyokuwa kwenye Program Files. Siku tatu hakuna kilichonakiliwa, na wala sikujua. Ratiba haielewi jina la diski kama FreeFileSync inavyoelewa, kwa hiyo kwenye kompyuta ya nyumbani niliipa diski herufi Z ya kudumu, kisha nikaelekeza ratiba huko.

Juzi nilikwenda nayo Muheza. Kule ikapewa herufi G, na kazi zote zikaiona bila mimi kugusa chochote. Sasa wifi naye anataka picha zake ziingie humo humo.