Miaka kumi na miwili na mashine ya kurudufu: uzoefu wangu

Mwalimu mmoja wa jirani amekuta stoo ya shule yao mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono, akaniuliza, "Mama, hii inafaa kufufuliwa?" Inafaa. Niliajiriwa ukarani taipisti mwaka 1984 katika sekondari moja wilayani Mufindi, na kwa miaka kumi na miwili mitihani yote ya ndani niliitoa kwa mashine ya namna hiyo. Umeme ukikatika siku tatu, mtihani ulifanyika siku ileile iliyopangwa.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye stensili. Ni karatasi nyembamba iliyopakwa nta, ambayo huvalishwa kwenye silinda, lile pipa la mashine linalozunguka na wino. Unauondoa utepe wa taipureta njiani ili herufi zigonge nta moja kwa moja. Palipogongwa ndipo wino unapenya. Kidole kiwe na uzito uleule tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Herufi "o" ndiyo ya kuhurumia: ukiigonga kwa nguvu, kijiduara cha kati kinadondoka na kila nakala inatoka na doa jeusi. Ukikosea, unapaka dawa ya kusahihishia, ile yenye harufu ya rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unagonga tena. Michoro ya Baiolojia niliichora kwa kalamu ya chuma. Mchoro wa jicho uliwahi kunichania stensili mara mbili usiku mmoja, nikaanza ukurasa wote upya kwa taa ya chemli.

Wenye asili ya mbinu hii walihangaika zaidi yetu. Kalamu ya Thomas Edison, aliyoipatia hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1876, ilitoboa karatasi kwa sindano iliyoendeshwa na betri. David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria, alianzisha kampuni yake London mwaka 1881, na mashine za kurudufu zikaenea maofisini.

Kwa Mufindi, adui ni ukungu. Karatasi zikipata unyevu zinaingia mbili mbili, kwa hiyo nilizipepea na kuziweka karibu na jiko la mkaa kabla ya kuanza. Mwezi wa Juni wino nao ulikuwa mzito, nikaupasha joto hapohapo. Karatasi laini zinazong'aa usizitumie kabisa: wino haunywewi, unapakaa mgongo wa karatasi inayofuata. Nakala za mwanzo hutoka hafifu, usizigawe. Ukishamaliza mtihani, choma stensili, maana anayeiinua kwenye mwanga anasoma maswali yote.

Mwalimu, kabla ya kutoa pesa ya fundi, tazama mambo haya: kitambaa cha silinda kisiwe kimetoboka, mpira wa rola usiwe umepasuka, na matundu ya kichwa (ukingo wa juu) cha stensili utakazopata yaingie kwenye meno ya mashine yako. Yasipoingia, usinunue hata boksi moja.