Parachuti: Upande Nayo Ndegeni au Uikabidhi Kaunta?

TSA, wakaguzi wa viwanja vya ndege Marekani, wanaruhusu njia zote mbili, iwe parachuti ina kifaa cha kuifungua yenyewe au haina.

Kupanda nayo ndiko bora. Haipotei, hairushwirushwi, na wakitaka kuikagua upo hapohapo. Kwenye eksirei, CYPRES, aina mojawapo ya kifaa hicho cha kuifungua yenyewe, huonekana kama kisanduku chenye nyaya na kikatio kidogo cha baruti. Hapo ndipo macho huwatoka. Weka kadi yake yenye picha ya eksirei mfuko wa nje, uitoe kabla hujaulizwa. Kisu cha kukatia kamba kihamishie begi la kaunta, la sivyo kitabaki kwao. Na mtu asivute kishikio cha parachuti ya akiba: ikifumuka, hairukiwi mpaka fundi mwenye leseni aifunge upya.

Kaunta inafaa ukiwa nazo mbili, au ndege ni ndogo na kabati za juu ni finyu. Ipakie peke yake, bila nguo wala helmeti. Ongeza dakika 30 kwenye muda wa kufika, na usitokomee mgahawani: wakihitaji kuifungua watakuita kwa kipaza sauti, usipoonekana haisafiri.